Programu Iliyosoma Sheria za Mfereji wa Jirani

Vijana wangu, mtu akija kwenu akasema, "Hatujagusa kitu, imeharibika yenyewe," msimcheke. Mpeni kiti kwanza. Mara nyingi anasema kweli. Nimeisikia kauli hiyo tangu nikiwa mfagiaji wa karakana ya kompyuta hapa Arusha mjini mpaka nilipostaafu nikiwa mwandishi wa programu. Aliyenitoa jasho kuliko wote kwa kauli hiyo ni mdogo wangu, Anaeli. Alisimama mlangoni pa ofisi yetu asubuhi moja ya kiangazi, buti zina tope, kofia ameishika mkononi kama mtu aliyefika msibani.

"Dada Mkubwa," akasema, "wanataka kuninyang'anya mfereji."

Neema, binti niliyekuwa nikifanya naye kazi, akamsogezea kiti. "Shikamoo kaka. Nani wanataka?"

"Marahaba. Watu wa mkiani. Wanasema maji yao nayanywa mimi. Ratiba mnatengeneza ninyi, mimi nafungua kama simu inavyoniambia. Sijagusa kitu."

"Na sisi hatujagusa kitu," Neema akasema.

Nikawatazama wote wawili. Wote walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Kwa ambao hamjawahi kupanda kwetu, niwaeleze. Kwenye miteremko ya Mlima Meru maji ya mashamba tunayachepusha kutoka kijitoni na kuyapitisha kwenye mfereji uliochimbwa na babu zetu. Kila shamba lina zamu yake. Mfereji una kichwa, kule maji yanakoingilia, na una mkia, kule yanakoishia. Msimamizi wa mfereji ndiye anayefungua na kufunga vilango vya mbao, na heshima yake yote iko hapo. Akishukiwa kupendelea, hata salamu za watu hubadilika. Baba yetu alikuwa msimamizi wa Mfereji wa Chini. Miaka mingi baada ya kufa kwake, watu walimpa Anaeli kazi ile ile, pamoja na jembe lile lile la baba.

Sisi ofisini tulikuwa tumewatengenezea programu ya kupanga zamu. Kila wiki inapanga ratiba na kuwatumia wakulima ujumbe wa simu: wewe Jumanne asubuhi, wewe Jumanne mchana. Anaeli naye anapata wake, anajua afungue wapi. Ilifanya kazi vizuri kwa misimu kadhaa. Kiangazi kile ikaanza kuwaruka watu wa mkiani. Wiki ya kwanza walinung'unika, wiki zilizofuata kabichi zikaanza kujikunja. Na shamba la Anaeli liko wapi? Kichwani kabisa, jirani na lango la kwanza, linang'aa kijani kibichi. Hata mimi ningemshuku kama si mimi niliyemlea.

*

Nilimlea kwa nini? Baba alikufa nikiwa kidato cha kwanza, mama akamfuata nikiwa cha pili. Nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, nina wadogo nyuma yangu, na Anaeli alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Nikaacha shule. Silii kwa hilo, nawaeleza tu ili mjue nilipoanzia. Kwenye mfereji kila nyumba hutoa mtu wa kuchimba matope siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, ndipo ipewe zamu. Sisi hatukuwa na mtu wa kuchimba. Mkiani kulikuwa na mama mmoja, Mama Aminieli, mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha migomba. Alisimama mkutanoni akasema hawa watoto watapewa maji, na jembe lao atalishika yeye mpaka wakue. Akachimba sehemu yake na yetu. Jioni za siku hizo alituletea loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kwenye sufuria nyeusi, anaiweka chini na kusema, "Kuleni, na sufuria muioshe vizuri, mimi si mtumishi wenu."

Mkumbuke jina hilo, Mama Aminieli, kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele ya watu waliotaka Anaeli aondoke.

Nilishuka mjini kutafuta kazi, nikaipata kwa Mzee Lomayani. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu aliyeacha ajira na kufungua karakana ya kompyuta karibu na stendi. Kazi yangu ilikuwa vumbi. Mnalijua vumbi la Arusha mwezi wa tisa. Mke wa mzee alikuwa amefuma vitambaa vya nyuzi kwa kila kompyuta, vyeupe, vyenye maua pembeni, na mimi nilivitandika vizuri juu ya mashine kama makochi ya sebuleni. Siku moja mashine ikazimika katikati ya kazi. Mzee akaigusa akaruka.

"Binti, umeifunika?"

"Ndiyo, Mzee. Isipate vumbi."

"Umeifunika inawaka?"

"Ilikuwa inapiga kelele, nikadhani inasikia baridi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Badala ya kunifukuza, aliifungua mashine akanionyesha feni inakovuta hewa. Nikauliza hili, nikauliza lile. Kuanzia hapo kila nikimaliza kufagia alinipa kiti pembeni yake. Alinifundisha kwa sentensi moja ambayo nimewachosha nayo vijana wote waliopita mikononi mwangu: "Usiniambie haifanyi kazi. Niambie inafanya nini."

Fikirini tofauti yake. Ukisema haifanyi kazi umefunga mlango. Ukisema inafanya nini, umeanza kazi.

*

Basi, kiangazi kile nilimuuliza Anaeli hivyo hivyo. Inafanya nini?

"Inawaruka wa mkiani."

"Wote?"

"Wote. Kama hawapo."

"Na masika?"

Akafikiri. "Masika ilikuwa sawa."

Jumamosi nikapanda naye mlimani kuona kwa macho, kwa sababu ratiba kwenye kioo cha kompyuta haina majani yanayonyauka. Kwa Mama Aminieli udongo ulikuwa umepasuka kama kisigino. Alikuwa ameinama kwenye kabichi zake. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinuka.

"Marahaba. Umekuja kumtetea?"

"Nimekuja kuangalia, Mama."

"Angalia. Hii ndiyo kabichi ya mtu anayengoja simu." Akamgeukia Anaeli. "Na wewe, maji yako yana macho? Yanaona shamba lako tu?"

"Mama, mimi nafuata ujumbe."

"Baba yako hakuwa na ujumbe. Alikuwa na aibu."

  Baada ya msaragambo wa siku hiyo watu walikaa kwenye nyasi, na Anaeli akafanya lile ambalo msimamizi wetu anayeshukiwa hufanya. Alichukua jembe la mfereji, akalilaza chini katikati ya watu, akarudi kukaa. Jembe likishalazwa hivyo halichukuliwi na mwenyewe. Ama mkutano unamteua mwingine wa kuliokota, ama mmoja wa waliomshuku analiokota na kumrudishia. Wakakubaliana waamue Jumamosi inayofuata, na jembe lingoje kwa mwenyekiti wa mfereji.

Nikateremka kwenda mjini. Nilijua kama tusingepata kosa kabla ya Jumamosi, mdogo wangu angevuliwa kazi ya baba yake na watu wale wale waliotulisha, na kila upande ungekuwa na haki ya kuumia.

*

Sasa niwaambie kuhusu lugha yetu, maana kosa lilikuwa humo. Tulipopewa kazi ya mfereji, wazee wa kule walitoa sharti moja: sheria za maji haziwezi kuwekwa mahali ambapo wao hawawezi kuzisoma. Mzee Lomayani akatengeneza lugha ndogo ya programu yenye maneno ya Kiswahili. Ukitaka kugawa unaandika *gawa*, ukitaka sharti unaandika *kama*. Na ukitaka programu yako itumie sheria zilizoandikwa kwenye faili lingine, unaandika *leta*. Ukiandika *leta zamu*, kompyuta inatafuta faili linaloitwa *zamu*, inalisoma na kutumia yaliyomo. Lugha zote mnazozitumia ninyi zina kitu cha namna hiyo. Mnakiandika mstari wa kwanza wa kila kazi bila kukifikiria, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Nilifungua faili la *zamu* la Mfereji wa Chini nikalisoma neno kwa neno. Lilikuwa safi. Lilisema kiangazi maji yakipungua, wa mkiani wapewe kwanza, kwa kuwa wanalima kabichi, karoti na miche, vitu visivyovumilia. Wa kichwani wana migomba na kahawa, wanaweza kungoja. Ndiyo sheria yenyewe, tangu babu.

"Faili linasema wa mkiani kwanza," nikamwambia Neema, "programu inasema wa mkiani hapana."

"Labda hesabu ya kina cha maji imekosewa."

Tukaipitia hesabu. Ilikuwa sawa. Tukapitia saa ya kompyuta. Sawa. Nikanywa chai nikaiacha nusu, nikanywa tena ikiwa baridi. Neema alikuwa amejishika mashavu. Ghafla akasema, "Dada Mkubwa, tuiharibu."

"Nini?"

"Hilo faili. Kwenye nakala, si lenyewe. Tuandike upuuzi ndani tuone italia vipi."

Akaandika katikati ya sheria: *kuku amekula ratiba*. Maneno hayo hayana maana yoyote katika lugha yetu. Programu ikiyakuta ni lazima isimame na kulalamika. Tukaiendesha. Ikapanga ratiba yote ya wiki kwa utulivu, haikukohoa hata kidogo.

Tukatazamana.

"Haisomi," nikasema.

"Haisomi kabisa! Sasa inasoma nini?"

Vijana, shikeni hiyo. Mkiwa mnarekebisha faili na hakuna kinachobadilika, acheni kurekebisha. Liharibuni makusudi, kwenye nakala. Programu isipolia, mko chumba kisicho chenyewe. Na hatua inayofuata ni kuilazimisha iseme yenyewe. Niliongeza mstari mmoja kwenye kile kipande cha lugha kinachofanya kazi ya *leta*: kila inapoleta faili, itaje kwanza imelitoa folda gani. Tukaiendesha tena. Ikaandika kwamba *zamu* imetoka folda ya *Chanzo*.

*Chanzo* ndiyo folda ya juu kabisa, ambamo folda nyingine zote zimo. Faili la Mfereji wa Chini halikuwa hapo, lilikuwa ndani zaidi, kwenye folda yake ya *Chini*. Nikaifungua *Chanzo*. Kulikuwa na *zamu* nyingine imekaa humo kama mgeni aliyepewa kitanda cha mwenye nyumba. Ilikuwa ya Mfereji wa Juu.

Wale wa Mfereji wa Juu, majirani zetu wanaochota karibu na chimbuko la kijito, walijiunga na programu wakati wa masika. Tulipowaingiza, faili lao liliwekwa moja kwa moja kwenye *Chanzo*. Hakuna aliyeuliza. Mfereji wao unaanzia kwenye chanzo, faili lao nalo likae kwenye *Chanzo*. Kwa mtu wa mlimani hilo halina mjadala. Na sheria yao ya kiangazi ni kinyume cha yetu: maji yakipungua wa mkiani warukwe, kwa kuwa mkiani mwao kuna bwawa la akiba. Masika sheria zote mbili zinafanana, ndiyo maana hakuna aliyeona. Kosa liliingia mvua ikinyesha, likajificha, likatoka jua lilipowaka.

Neema akasimama, akaenda dirishani, akarudi. "Kwa hiyo kaka Anaeli alikuwa anafungua maji kwa sheria za jirani."

 Mdogo wangu hakuwa mwizi. Sikuwahi kuamini hivyo, lakini kuamini na kuona ni vitu viwili.

*

Kabla ya kugusa *leta* tulikwenda Olasiti kwa Mzee Lomayani, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwenye ng'ombe wake. Lugha ilikuwa yake. Tulimkuta anamkamua ng'ombe mwenye hasira.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mmekuja kunisalimia au kuna kitu kimekufa?"

"Kuna kitu kimefufuka," Neema akasema, akamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukamua. Kisha akacheka peke yake. "Mimi ni Mwarusha, watu wa ng'ombe. Mambo ya mfereji nilifundishwa na wajomba zangu Wameru. Waliniambia anza kichwani, shuka kuelekea mkiani, wa kwanza kukutana naye ndiye anayepata. Nikaona vizuri. Nikaiambia kompyuta ikitafuta faili ianzie folda ya juu kabisa, ishuke, ichukue la kwanza inalolikuta."

"Kwa hiyo ulikosea, Mzee?"

"Kwa mfereji mmoja sikukosea, binti yangu. Wa pili sikuuona unakuja." Akamsukuma ng'ombe kwa kiwiko. "Geuzeni. Ianzie folda ya anayeagiza. Kama hakuna, ipande folda moja, halafu nyingine, mpaka juu. Ila msigeuze kimya kimya. Kila programu iliyoandika *leta* iendesheni upya muione kwa macho. Mnageuza mto."

Akatupatia maziwa, akatutania kwamba tukiharibu lugha yake atatuletea yule ng'ombe ofisini.

Aliyosema kuhusu mto yalikuwa kweli. Tuligeuza utafutaji siku hiyo hiyo, na mstari wenyewe wa kubadilisha ulikuwa mfupi kuliko maelezo haya. Tulipoendesha programu nyingine zote, moja ikatoa ratiba yenye tarehe za mwaka uliopita. Kumbe mtu mmoja zamani, akijifunza, alinakili faili la kalenda akaliacha kwenye folda ya programu hiyo. Miaka yote halikusomwa kwa sababu lile la juu lilikuwa likikutwa kwanza. Sasa likawa ndilo lililo karibu. Kama tungetuma bila kuangalia, mkulima angepata ujumbe kwamba zamu yake ilishapita mwaka jana. Tulilifuta, Neema akaliimbia wimbo wa mazishi.

Tukaendesha ratiba ya Mfereji wa Chini. Wa mkiani kwanza! Neema akapiga meza. Mimi nikashika simu nimpigie Anaeli.

"Ngoja, Dada Mkubwa," Neema akasema. "Tuendeshe kama inavyoendeshwa kila wiki. Juu kwanza, kisha Chini, kwa mpigo."

Tukaendesha. Wa mkiani wakarukwa tena.

Sijui kama mnaijua hali hiyo, ya kuona umetoka majini kisha mguu unateleza. Ilikuwa Ijumaa mchana. Nilirudisha simu mezani nikauma kucha, tabia ambayo niliwakataza wadogo zangu. Mfereji wa Chini ukiendeshwa peke yake ulikuwa sawa, ukitanguliwa na wa Juu unaharibika. Inafanya nini? Nikajiuliza kwa sauti. Inafanya nini?

Neema ndiye aliyejibu. "Inakumbuka."

"Inakumbuka nini?"

"Ikishaleta faili mara moja, inaliweka kichwani ili isilisome tena, kuokoa muda. Na inalikumbuka kwa jina. Ya Juu ikianza, inaleta *zamu* yao. Ikija ya Chini kuomba *zamu*, inasema, aah, huyo namfahamu. Haitafuti tena."

Nikacheka, kicheko cha mtu aliyechoka na kufurahi pamoja. Maana jambo hilo nimeliishi. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na babu mmoja ana wajukuu wengi. Ukiita "Anaeli!" kwenye msiba wa ukoo, wanaitika watatu na mmoja ana mvi. Hatuchanganyikiwi kwa sababu hatuishii kwenye jina. Tunasema Anaeli wa fulani, wa nyumba ile ya juu ya kanisa. Kompyuta yetu ilikuwa imeishia kwenye jina.

Tukaifundisha kukumbuka kila faili kwa jina lake pamoja na njia yote ya folda linamokaa. *Zamu* ya *Juu* ikawa mtu wake, *zamu* ya *Chini* mtu wake. Faili la wa Juu nalo tukalihamisha kutoka *Chanzo* likakae nyumbani kwake. Tukaendesha Juu kisha Chini, Chini kisha Juu, moja moja, zote pamoja. Kila mara kwa Chini wa mkiani kwanza, kwa Juu wa mkiani wakiachiwa bwawa lao. Neema akaniambia niache sasa, kompyuta isije ikachoka. Nikaiendesha tena, mara ya mwisho, kwa raha tu.

*

Jumamosi Neema akapanda nami mlimani. Watu walikuwa wengi kuliko msaragambo wa kawaida. Habari ya kumvua mtu cheo haikosi wasikilizaji. Mwenyekiti alikuwa amelirudisha jembe na kulilaza pale pale kwenye nyasi. Anaeli alikaa pembeni, mikono katikati ya magoti. Nilikuwa nimemweleza kwa simu, lakini kujua wewe hakukusaidii kitu mpaka wajue wengine.

Sikuwaeleza folda. Niliwaambia programu yetu ilikuwa na sheria mbili za kiangazi zenye jina moja, ya kwetu na ya Mfereji wa Juu, na kila ilipoagizwa kuleta yetu ilikwenda kuchukua ya kwanza iliyoikuta njiani, ile ya juu. Anaeli akatumiwa ratiba ya jirani, akaifuata kwa uaminifu, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia afanye. Kosa lilikuwa ofisini kwetu. Neema akawasomea sheria zote mbili, kwa maneno yale yale ya Kiswahili waliyotaka wenyewe.

 Mama Aminieli akainua mkono.

"Ngoja nielewe. Mtambo wenu uliagizwa ukamwite zamu."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaitikiwa na wa jirani, ukamleta."

"Ndiyo."

"Haukuuliza wewe mtoto wa nani?"

"Haukuuliza, Mama."

"Mtambo hauna adabu!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikajua tumepona. Akamnyooshea Neema kidole. "Na sasa?"

"Sasa unauliza, bibi. Tumeufundisha."

"Mngeufundisha mapema, kabichi zangu zingekushukuruni." Simu yake ikalia mfukoni. Neema alikuwa ameituma ratiba mpya pale pale. Mama Aminieli akaishika simu mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akasoma polepole, midomo ikicheza. "Leo mchana," akasema. "Mimi wa kwanza."

Akaiweka simu, akainuka kwa kushikilia goti, akatembea mpaka katikati ya watu. Aliinama akaliokota jembe. Alilitazama, nadhani alilifahamu vizuri, ameligusa zaidi yetu. Akaenda kwa Anaeli akampa, mpini ukiwa upande wa Anaeli.

"Nilikusimanga kwa jina la baba yako," akasema. "Yeye angenielewa, kabichi zilikuwa zinakufa. Wewe nisamehe. Sasa nenda kafungue, jua halinisubiri."

Anaeli akalipokea kwa mikono miwili, akaenda. Hakukimbia, lakini hatua zake zilikuwa za mtu aliyetua mzigo. Sisi tukabaki kwenye nyasi mpaka tukasikia maji. Mwanzo ni sauti ya majani makavu yanayosukumwa, halafu yanakuja yenyewe, ya kahawia, yamebeba uchafu wa njiani. Yakatupita yakaelekea mkiani. Jioni Mama Aminieli akaleta sufuria ya loshoro, ile ile nyeusi nadhani, akaiweka mbele ya Neema na kumwambia aioshe vizuri.

*

Siku hizi nipo Moshono, nina migomba michache na muda wa kunywa chai ikiwa moto. Neema ndiye anayeishika ile programu, na amepata vijana wake wa kuwachosha na sentensi ya Mzee Lomayani. Lugha yetu bado inaandika *leta*, na kila inapoleta inataja imetoa wapi. Ule mstari wangu wa majaribio hatukuuondoa.

Kuna kitu kingine hakikuondolewa. Tulipokuwa tukijaribu, niliiweka namba yangu ya simu kwenye programu, mwishoni kabisa mwa mkia, nione kama ujumbe utafika. Nilipostaafu nilimwambia Neema aifute. Akakataa. Basi mpaka leo, kiangazi kikifika, simu yangu inalia asubuhi, na mimi nisiye na shamba kule najulishwa kwamba maji yakipungua nitapewa kwanza. Nasoma, namkumbuka Anaeli yuko njiani na jembe la baba begani, ninaiweka simu chini na kuendelea na chai yangu.